Sehemu ya Tano

Sehemu ya kwanza tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Maharamia wa meno meupe, mashati yamepigwa pasi,
bahari yao imetulia kama maji ya beseni,
na nahodha anatoa amri kama karani wa posta
anayetaka kuwahi nyumbani.

Ya pili, Bahizire alikoroma.
Ya tatu, umeme ulikatika Kadutu yote
na hakuna aliyeuliza kesho yake waliishia wapi.

Shangazi Cibalonza huchambua maharage mbele ya runinga,
hatazami, anasikiliza tu.
"Hao," alisema, "hawajawahi kuogopa maji."
Yeye alivuka kutoka Idjwi usiku ule
boti ilipoinama, magunia yakatupwa.
Habari hiyo haisimulii.

Jana, ya tano.
Mpishi wa meli, mtu ambaye hata jina hatumjui,
anagawa maji kwa kifuniko cha chupa.
Zamu yake anairuka,
anafuta kifuniko kwa kidole, anakirudisha mfukoni.
Hakuna ngoma. Hakuna upanga.

Ndipo nikasikia:
maharage yameacha kudondoka kwenye sinia.

"Nyamazeni," akasema shangazi,
na hakuna aliyekuwa akizungumza.