Dakika Kumi na Moja

Kampuni ilinipa fulana ya kijani, saa ya kuhesabia,
kopo la rangi na brashi mbili.
Kazi yangu: kuchora mishale
kutoka milangoni mwa watu hadi kilimani.

Bwawa hulioni ukiwa huku bondeni Piraúna.
Liko juu, nyuma ya mikaratusi,
ukuta wa udongo uliobeba uchafu wa mgodi wa chuma
miaka thelathini na minne,
tope jekundu, zito kama uji uliolala.
Mhandisi alitandaza ramani juu ya boneti,
akaweka kidole kwenye paa la Shangazi Zulmira:
"Likipasuka, hapa ni dakika kumi na moja."
Ungedhani anataja bei ya vitunguu.

Jumamosi tukafanya zoezi.
King'ora kikalia, kuku wakatawanyika,
Belarmino akatoka na mkoba wa hati za shamba,
mkewe kakumbatia cherehani,
watoto wanacheka, wanashindana.
Shangazi alikuwa jikoni.
Kwanza alizima moto chini ya maharagwe.
Kisha akafungua zizi,
maana ng'ombe hajui kusoma mishale.
Kisha akatafuta viatu vya kanisani:
"Nife pekupeku, kwani sina watu?"
Magoti yake yana miaka sabini na sita.
Kwenye daraja la mbao alisimama kuvuta pumzi,
akainama, akang'oa gugu kwenye tuta la bamia,
kwa mazoea tu.

Dakika kumi na tisa.

Niliitazama saa mara mbili.
Nikaandika kumi na tisa.
Msimamizi akanipokonya kalamu, akaandika:
Zoezi limefaulu, asilimia tisini na nne.
Basi Shangazi yumo katika zile sita,
yeye, na mzee Genésio asiyeona,
na kichanga cha Osmarina, cha siku tisa.

Tahadhari kabla ya hatari,
ndivyo unavyosema ubao mkubwa pale njia panda.
Ubao haumbebi mtu mgongoni.

Sokoni mjini wanauliza kabichi zimetoka wapi.
Nikisema bondeni, mkono unarudi mfukoni.
Benki haikopeshi shamba
lililopakwa wekundu kwenye ramani.
Osmarina analala na viatu tangu Machi.
Radi ikipiga, nyumba nzima tunasimama,
tunasikiliza,
halafu tunaoneana haya, tunarudi kulala.
Bwawa halijapasuka
na limeshafika.

Mshale wa mwisho ulikuwa wa kwenye mfenesi wake.
Shangazi akanishikia kopo.
"Chora," akasema, "mti haudhuriki.
Ila ukimaliza, chora na mwingine,
uelekee kule juu.
Sisi mmetuonyesha njia ya kukimbia.
Na wao waonyesheni njia ya kwenda kuliondoa."

Nilijifanya sikusikia; nina mkataba, nina deni la pikipiki.
Usiku nikarudi na tochi mdomoni.
Rangi ilikuwa imebaki kidogo,
mshale ukatoka mwembamba, umepinda,
ila unaelekea kunakohusika.

Asubuhi nilimkuta amekata vijiti,
anapanda mihogo safu kwa safu,
mihogo ile ya miezi kumi na minane.
Nikamuuliza, Shangazi, kweli mihogo?
Akanitupia jembe.