Saa Tatu Hadi Saa Kumi

Hakimu alisoma polepole, miwani puani:
mtoto atakaa kwa mama yake,
baba atatoa matunzo kila tarehe tano,
baba ataruhusiwa kumwona
Jumamosi ya pili na ya nne,
saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Kumwona.
Kama mgonjwa wodini. Kama mfungwa,
ila sikujua kati yetu aliyefungwa ni nani.
Nikatia sahihi. Kalamu ya karani
ilikuwa imefungwa kwa uzi mezani, isitoroke.

Kule Vurra, baba mkubwa Adriko hakuelewa.
"Ng'ombe watano walivuka Enyau kwenda kwao," alisema,
"leo karatasi moja inatunyima mtoto?"
Nikamwambia sheria haihesabu ng'ombe,
inatazama maslahi ya mtoto.
"Na hayo maslahi yanakula nini?"
Nikanyamaza, maana Machi sikulipa,
na Aprili nililipa nusu:
pikipiki ilikufa gea,
na mwenye pikipiki hasikilizi habari za gea.
Afisa wa ustawi aliandika "nusu" kwa wino mwekundu.
Neno dogo. Lilijaza ukurasa.

Leo ni Jumamosi ya pili.
Nimeosha pikipiki mpaka nati zake.
Saa mbili na robo niko barazani kwa afisa wa ustawi,
benchi moja na wanaume wawili
wenye mashati yaliyopigwa pasi.
Hatusemezani.
Mmoja ana mdoli ndani ya mfuko wa nailoni,
bei bado imebandikwa mguuni.

Ayikoru anafika saa tatu na dakika nne.
(Dakika nne nitazidai kwa nani?)
Hatupeani mikono.
Ananipa mtoto, ananipa begi,
ananipa karatasi iliyokunjwa mara nne.
Driciru ameota meno mawili ya mbele
nami sikuwapo yalipochomoza.
Amevaa viatu nisivyonunua.

Tulikula roleksi, yeye mayai, mimi chapati iliyobaki.
Tukaenda kwenye uzio wa uwanja wa ndege
kutazama ndege ikitua na vumbi lake.
"Rubani analala wapi?"
"Kwake."
"Kwake gani?"
Nikamwonyesha mabawa.

Saa nane usingizi ukamwangusha kitandani kwangu,
viatu miguuni.
Nikaikunjua karatasi.
Mwandiko wa Ayikoru bado unainamia kulia,
kama enzi zile alizoniandikia bila kuorodhesha.

Asile karanga.
(Si mimi niliyemkimbiza Kuluva usiku ule,
midomo imemvimba, pikipiki haina taa,
nawe nyuma yangu ukiomba kwa sauti?)
Dawa ya kifua iko mfuko wa pembeni.
(Najua.)
Usimnunulie soda nyekundu.
(Hapo nimekosa.)
Siku hizi halali bila taa.

Hilo sikulijua.

Nyumba yetu ilikuwa na giza moja
na mtoto alilala ndani yake kama jiwe mtoni.
Lini alianza kuliogopa?
Usiku ule wa sahani? Usiku ule niliobeba godoro?
Hakuna aliyeliuliza mahakamani.
Waliuliza ada, waliuliza ploti,
waliuliza kama nanywa.

Saa tisa na nusu.
Mstari ule nimeusoma mara ya sita, natafuta mtego.
Amri yangu inakwisha
jua likiwa bado juu ya kilima cha Arua.
Mtu wa saa kumi
anaandikiwa ya nini habari za usiku?

Sitamuuliza barazani, mbele ya yule mwenye wino.
Swali kama hilo likishikwa vibaya linavunjika.

Nimevuka barabara hadi dukani kwa Candia,
nimechukua taa ndogo ya sola, elfu kumi na nane,
kwa mkopo,
na tarehe tano inanijia vilevile.
Nimeitundika dirishani ianze kula jua,
ndipo nikamwamsha.