Daka

Jina la kwanza lilikataliwa: lina mwenyewe.
La pili, Achari za Mkomani, likapita.
Mwanajaha ndiye mkurugenzi, mwenye hisa zote mia,
na vidole vyanuka siki bado.

Baba alipofilisika, wadai hawakukomea dukani.
Walipanda ngazi,
wakashusha kitanda cha mama, kingali na shuka.

"Sasa deni likija
litakaa dakani kama mgeni:
litanywa kahawa, lihesabu mitungi,
lichukue cha kampuni.
Ndani haliingii."

Mpwawe akaisoma barua ya benki hadi chini:
mkopo upo, ila, shangazi,
waitaka na hati ya nyumba.

Mwanajaha alikuwa ameshafungua kalamu.
Akaifunga.
Akauliza maembe mabichi, huko Mpeketoni,
siku hizi ni kiasi gani.