Fundi Ndani ya Buti

Usiniambie buti lote linalia.
Buti halilii lote, yakhe.
Kinacholia ni kimoja, kisha cha pili kinamwitikia,
na wewe umekaa mbele, kioo umeshusha,
unasikia msiba wa bati
ukadhani ni gari nzima.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, Shaame wa Limbani,
na Corolla nyeupe ya marehemu babake,
sabufa mbili za inchi kumi na mbili
zimekaa pale zamani palipokaa magunia.
Kabla hajakata kona ya Mtemani nilishamjua:
bezi ilitangulia, ikafuatwa na ile kelele,
kama mtu anayetafuta kijiko kabatini, gizani.
Bi Rukia wa ng'ambo ya pili
akalishika sinia lake la visheti lisitembee.

"Punguza sauti," nikamwambia. "Ndiyo dawa ya kwanza, na haina gharama."
Akanitazama kama niliyemwambia auze figo.

Basi nikaingia.
Nilivua ndara, nikajikunja ubavuni mwa tairi la akiba,
nikasema funga, washa,
usinifungulie mpaka nigonge mara tatu.
Na jino langu la nyuma, lililoniuma tangu Jumatano,
likaingia nami.

Giza la buti si giza la usiku.
Lina harufu ya mpira, na petroli,
na zulia lililolowa masika ya mwaka juzi.
Bezi ilipoanza sikuisikia kwa masikio:
ilinipita mgongoni, ikapanda taya,
ikabisha hodi kwenye jino,
na jino likafungua.

Nikapapasa.
Mtetemo hutafutwa kwa kiganja;
ukikigusa kikanyamaza, hicho ndicho.
Jeki, imelegea kitakoni: nikaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Ulimi wa kufuli nikaupa sponji.
Waya ulioning'inia, ukichapa bodi kama bakora ya chuoni: gundi.
Bamba la namba lilikuwa nje, hilo ningelirudia,
nati mbili na kipande cha ndara kuukuu,
maana bati na bati ni wake wenza,
watie ukuta kati.

Nikagonga mara tatu.
Hakusikia.
Nikagonga mara tatu nyingine.
Nikagonga kwa kisigino, nikagonga kwa jina la mama yake,
wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.
Mwenye kelele ndiye wa mwisho kusikia.

Katika kungoja huko ikanijia sauti iliyobaki,
ndogo, kavu, chini kabisa ya bodi ya kulia.
Si chuma. Chuma nakijua.
Nikachomeka vidole, nikachomeka mkono mpaka kifundo,
zikatoka mojamoja, nyeusi, nyepesi.
Karafuu. Chembe tano.
Za msimu gani, Mungu anajua.
Mzee yule akipakia mpaka buti halifungi,
analikaza kwa kamba ya usumba,
anakwenda kusimama mbele ya mizani mwenyewe,
na jioni anarudi na madaftari ya skuli
na nyama kilo moja.

Nikatia chembe moja kinywani, nikaikaza juu ya jino.
Ikachoma. Kisha ganzi.
Bezi ikabisha tena;
hapana aliyefungua.

Alipokumbuka kunitoa, jua lilinipiga usoni,
na Bi Rukia nyuma yake ananichungulia
kama maiti aliyeghairi.
Tukalikaza lile bamba.
Shaame akapandisha sauti mpaka mwisho:
bati kimya.
Bezi tupu, nzito, imetulia
kama mtu mnene aliyepata kiti chake.

"Ilikuwa nini?"
Nikamfunulia kiganja.
Akazitazama zile nne. Akanyoosha mkono dirishani,
akaizima redio, akainusa moja, asiseme neno.
Halafu: "Kiasi gani?"
Ulimi wangu umelala; nikamwonyesha vidole.
Akavihesabu vibaya, kwa faida yake,
nami sikuwa na mdomo wa kubishana.

Karafuu akazitia kwenye kisahani cha majivu, pale mbele,
akawasha gari, akawasha redio.
Hajafika hata konani
nikazisikia zimeanza.