Nanga Migombani

Namsemba, kabla hujapanda, vua viatu.
Siyo msikiti, wala si madaha ya mjini:
sitaha nimeipaka vanishi Jumanne,
na vanishi hapa Moshi inauzwa bei ya dawa.
Shika kamba hii, siyo ile. Ile ni ya kuanikia.
Na uiname. Nimesema inama —
haya, pole. Kila mgeni hulipa kwa paji la uso.
Hata mchungaji alilipa, akasahau sala.

Ndiyo, ni boti. Ndiyo, tunaishi humu.
Eliapenda alipika miaka saba kwenye boti ya watu
huko Meksiko, katika ghuba ambayo jina lake
hulitamka kama anamtaja shangazi.
Alirudi na visu vitatu, kovu la mafuta ya moto,
na michoro aliyoikunja ndani ya soksi.
Kiwanja hiki cha Rau kilishakuwa na matofali mia nne,
na mchanga malori mawili.
Mchanga tuliuuza. Matofali ndiyo yameushika mkuku.
Pesa ya bati ikaota mlingoti.
Mama mkwe alilia kama amefiwa,
kisha akaleta mapazia.

Mbwambo, wewe utalala gubetini,
kichwa huku, miguu ndani ya kabati.
Usicheke. Kabati halina mgongo, limetengenezwa hivyo.
Mtoto atalala juu ya meza; meza inashuka.
Maji ni pipa moja, na pipa ni letu sote:
kopo la kwanza uso, la pili mwili,
la tatu mzungumze na mimi kwanza.
Choo kiko kule, nyuma ya mparachichi.
Eliapenda alitaka kiwe ndani, cha kusukuma kwa mkono.
Nikamwambia, chagua: choo au mke.

Usiku ule tulikula machalari
magoti yakigusana chini ya taa,
chumvi ikipita mikono minne kumfikia aliyeiomba.
Kwao Same nyumba ni kubwa,
mtu anaweza kununa siku nzima chumba cha pili.
Humu, ukinuna, unanuna mbele ya watu.
Mbwambo alijaribu. Akashindwa kabla ya chai.

Kisha, saa nane, masika.
Mfongo ukafurika kule juu kwa akina Kileo,
maji yakashuka na makapi ya kahawa,
na magome ya mgomba, na ndala ya mtu,
yakapita chini ya tumbo la boti.
Tofali moja likateleza.
Tukatikisika.
Kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Mtoto akaamka mezani, akauliza
kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumeondoka?"

Hakuna aliyemjibu.
Nilimwona Eliapenda gizani, amekaa wima,
mkono wake ukiutafuta usukani
ambao hatukuwahi kuufunga; hela iliishia hapo.
Namsemba, ambaye hajavuka maji yoyote kupita magoti,
alinishika kifundo cha mguu, nikamwacha anishike.
Tukasafiri hivyo, watu watano
na sufuria moja inayogongagonga,
dakika tatu, labda nne,
mpaka maji yalipopata njia yao.

Kulipokucha tulikuwa palepale.
Mlima umejifunga wingu hadi shingoni.
Jirani anapita na majani ya ng'ombe kichwani,
anaitazama tope, anaitazama boti:
"Mmefika wapi?"
Nikamwambia, tumerudi.

Leo siku ya tatu, siku ya jembe.
Mbwambo amelichukua mwenyewe, anachimba mtaro,
anapiga mluzi. Namsemba anaosha vyombo,
yuko kopo la nne na wala hazungumzi na mimi.
Mtoto amekataa viatu.
Basi la Same linaondoka saa saba;
hakuna aliyeulizia saa.

Lile tofali liko palepale lilipoangukia.
Tumelipita wote, mmoja mmoja, tangu asubuhi.
Sijamwona mtu akiinama.