Muhuri

Chumvi ya Uvinza haijui bahari.
Inatoka chini, visimani, na maji yake
tunayachemsha usiku kucha kwenye karai la bati
hadi yachoke, yanenepe, yatue meupe.
Mama alinizaa msimu wa kuchemsha,
kuni zikiwa bado mbichi.

Mama alikuwa na rovu.
Siku za kazi alilifunga kitambaa cha kijani,
siku ya gulio, cha njano.
Tulidhani ni urithi wa ukoo, kama pua.
Nani angewaza kwamba mpika chumvi
anaweza kupungukiwa na kitu
kilichopaswa kuwa ndani ya chumvi?

Akaja Gwamaka wa idara ya afya
na pampu mpya ya mgongoni,
mfano wa ile wanayopulizia tumbaku Kaliua.
"Hii haijaonja sumu," akasema,
akajipulizia maji mdomoni, akameza.
Unga kijiko kimoja, kimesawazishwa kwa kisu.
Tandaza chumvi turubaini. Puliza, geuza,
puliza, geuza,
taratibu, kama unavyomgeuza mtoto mwenye homa.

Kisha tone moja la kupimia:
chumvi ikawa rangi ya zambarau iliyoiva.
Bitaliho akaruka nyuma: "Mmeiloga!"
Wanunuzi wa Nguruka wakasema inanuka dawa.
Nikawapikia dagaa palepale.
Walikula kimya. Mmoja akaomba mchuzi wa chini.

Tuko kumi na mmoja kwenye ushirika.
Tulichanga, tukachongesha muhuri wa mpira:
IMETIWA MADINI JOTO.
Mgongaji ni mimi. Wino wa buluu
haunitoki kwenye kucha hata nikienda kanisani.

Leo ni wiki ya tatu, unga umekwisha.
Treni imeleta sukari, mabati, bwana harusi na kaseti zake.
Unga haumo.
"Gonga tu," anasema Bitaliho.
"Nani ana ulimi wa kuonja madini joto?"

Kweli, hakuna.
Hayana ladha, hayana harufu.
Shingo ndiyo huyaonja,
tena baada ya miaka.

Lori linanguruma nje, dereva anapiga honi.
Nimeuviringisha muhuri
ndani ya kitambaa cha njano, nikaufungia sandukuni.
Magunia ishirini na mawili
yanaondoka bila neno mgongoni,
kwa bei ya chini.