Dumu Tupu

Likizo yangu ni siku nne. Nimeifunga mgongoni
pamoja na kanga, pampu, viraka vitatu na gundi,
nikaiacha stesheni na mizani yake ya mizigo
ninayoisoma mwaka mzima: kilo, kilo, kilo.
Leo sibebi cha mtu.

Mwanga bado inapiga miayo.
Mteremko wa kwanza ni wa uongo,
unakukopesha upepo
kisha Mwandiga inakudai, na riba.

Wanashuka wenye kazi zao,
vijana na mikungu ya ndizi, sita, saba kwa baiskeli moja,
breki ni soli ya ndala, barabara inanuka mpira ulioungua.
Mimi napanda kwa ajili ya kupanda.
"Dada, unauza nini?"
Siuzi.
"Unapeleka nini basi?"
Sipeleki.
Wa mwisho akapunguza mwendo, akaniangalia kwa huruma:
"Umefiwa?"

Huku kilima hakina kilele, kina bega,
na juu ya bega, bega jingine,
kama watu wamepandana kuchungulia ngoma.
Nilishuka. Nikakokota. Nikapanda. Nikashuka.
Mtoto mmoja akaja kusukuma keria bila kuombwa,
akihesabu hatua kwa sauti, hadi thelathini na saba,
halafu akakumbuka mbuzi wake
akaniachia hesabu njiani.

Ndipo nikageuka nyuma.
Ziwa lilikuwa limesimama wima,
shuka la buluu lililoanikwa mbinguni,
na milima ya Kongo pindo lake.
Sikusema kitu. Pumzi ilikuwa na kazi nyingine.

Kalinzi, baridi, kahawa imetandazwa juani,
na waya wa breki ukakatika pale pale penye fundi,
kana kwamba baiskeli ilikuwa inamjua.
Butoyi. Mikono ya grisi hadi kwenye viwiko.
Hakutaka pesa.
"Unashuka lini?"
Kesho.
"Utapita Mwandiga?"
Kwani kuna njia nyingine?
Akaingia ndani, akakawia, akatoka na dumu,
la njano, lita tano, tupu, halina kifuniko,
ndani limebaki wekundu wa mawese ya zamani.
"La pacha wangu. Liko kwangu tangu matanga ya mama.
Mwambie..."
Akakaza nati iliyokwisha kukazwa.
"Usimwambie kitu. Mpe tu."

Asubuhi nikajiachia.
Upepo ukaliingia dumu mdomoni, likaanza kuvuma,
sauti moja nene, ya mtu anayetaka kusema akajizuia,
kila kona ikaipandisha, kila tambarare ikaizima.
Vijana wa jana walikuwa wakipanda, baiskeli nyepesi, miguu mizito.
"Dada, leo unauza nini?"
Napeleka! nikapiga kelele. Napeleka!
Nikawapita kabla hawajauliza nini.
Mizani ya stesheni isingetikisika kwa dumu lile,
lakini kona ya Bitale niliilalia polepole,
kama niliyefunga gunia la mahindi.

Bukuru anauza mawese sokoni Mwandiga.
Uso ule ule, tofauti ni grisi.
Alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa.
Akatia kidole mdomoni mwake, akakizungusha taratibu,
akakitoa, akakitazama.
Wateja wawili walisubiri. Mmoja akaondoka.
"Na kifuniko?"

Nikamwambia nimepewa hivyo hivyo.

"Kilikuwa na kifuniko. Chekundu.
Mama alikifunga uzi kisipotee."
Akaliweka dumu chini ya meza, karibu na miguu yake,
akamgeukia mteja aliyebaki.
"Mwambie nataka na kifuniko."

Saa ilikuwa bado nne ya asubuhi.
Nikabonyeza tairi la nyuma, gumu.
Viraka vitatu, sijagusa hata kimoja.
Siku mbili zimebaki, na bega la kwanza la kilima
lilikuwa pale pale, linanitazama,
halijaniuliza kitu.